Mwanzilishi wa Mfuko wa Hisani

Haitham Mundhir alikwenda kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Jazira kwa ajili ya biriani. Hakuwa na mtoto wala mpwa aliyehitimu siku ile, na kadi ya mwaliko iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa ya arusi ya mwaka juzi. Lakini alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka, akaweka kofia ya viua, na alipofika getini akamwuliza bawabu hali ya mama yake. Bawabu akajibu kuwa mama hajambo, ila miguu tu. Haitham akampa pole, akamwombea mgonjwa dua fupi, akapita.

Ilibidi kwanza asikilize hotuba, maana biriani ya mahafali huja baada ya hotuba, na hotuba hurefuka kwa kadiri ya cheo cha anayezungumza. Makamu mkuu wa chuo ndiye aliyekuwa amesimama.

"Vyuo vikubwa vyote duniani," alisema, "vina mfuko wa hisani. Mfuko huo ndio unaowalipia wasiojiweza, unaojenga mabweni, unaonunua vitabu. Chuo chetu, ndugu zangu, hakina bado."

Watu wakapiga makofi, kama wafanyavyo watu wanapoambiwa jambo baya na mtu mkubwa. Haitham hakupiga. Alibaki na yale maneno mawili ya mwisho, "hakina bado", akiyageuzageuza kinywani. Chuo kipo, watu wanakijua, wanakitukuza. Mfuko haupo, na kila mtu ameambiwa kwamba ungepaswa kuwapo. Katika kazi yake alikuwa amewahi kuuza viwanja visivyokuwapo, safari za Umra zisizokuwapo, na mara moja ng'ombe asiyekuwapo, lakini hakuwahi kupata kitu kisichokuwapo kilichotangazwa na makamu mkuu wa chuo kwa kipaza sauti.

Shida yake ilikuwa nyumba. Marehemu mama yake, Bi Mwatima, alimwachia peke yake nyumba ya mawe pale Tibirinzi, Chake Chake, na hiyo ndiyo mali pekee ya halali aliyokuwa nayo. Vitu vyake vingine, simu, saa, viatu, ni bora tusiviulize vilikotoka. Alikusudia kuifanya nyumba ya wageni, kwa hawa watalii wanaokuja Pemba kuzamia na kupiga picha samaki. Vyumba vya chini vilikuwa tayari, maji yamo, rangi imepakwa. Ghorofa ya juu ilikosa paa, na mafundi walikuwa wamechoka kuahidiwa. Haitham aliipenda nyumba ile kweli, bila hila yoyote. Alipokuwa Unguja kwenye shughuli zake aliiota, na katika ndoto mama yake hukaa barazani akimwuliza, "Paa liko wapi, mwanangu?"

Basi akatupa macho ukumbini kutafuta paa. Akaliona safu ya mbele: Mzee Thuwein wa Mgogoni, mwenye mashamba ya mikarafuu aliyoyarithi, mtu anayelitaja jina la babu yake kabla ya kulitaja lake. Kila jina la mfadhili liliposomwa, Mzee Thuwein alikunja uso, maana halikuwa la kwao.

Haitham akala biriani yake kwa utulivu, sahani mbili, na siku ya pili akashika njia ya Mgogoni.

Alipokelewa barazani kwa kahawa na halua. Alijitambulisha kuwa ni mtoto wa marehemu Bi Mwatima wa Tibirinzi, sasa Mkurugenzi wa Mfuko wa Hisani wa Chuo Kikuu cha Jazira, akalitamka jina lote polepole, kwa unyenyekevu wa mtu anayebeba mzigo mkubwa.

"Mbona jana makamu mkuu kasema mfuko haupo?" aliuliza Mzee Thuwein.

"Umelala, mzee wangu. Ulikuwapo zamani, ukalala. Mimi nimetumwa kuuamsha." Haitham akashusha sauti. "Na katika kuichimba historia yake, ndipo nikakutana na jina la Sheikh Maher bin Thuwein."

Kikombe cha Mzee Thuwein kikasimama hewani. "Babu?"

"Babu yako. Kabla ya chuo kuwa chuo, ilikuwa halaka ya watu wachache wanasoma kwa taa ya kibatari. Nani aliyewanunulia mafuta ya taa? Nani aliyetoa mavuno ya shamba zima, mwaka wa njaa, ili wasiokuwa na kitu wasome? Historia imenyamaza, mzee wangu. Imenyamaza kwa sababu babu yako aliiamrisha inyamaze. Hakutaka kujionyesha."

Mzee Thuwein machozi yakamlengalenga. Aliyekuwa na macho makavu ni dada yake, Bi Hamdiya, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa mlango akimenya machungwa.

"Babu yetu yupi huyo?" aliuliza. "Yule alokuwa akifungia sukari kabatini, akaulalia ufunguo?"

"Hamdiya!"

"Nauliza tu, kaka. Labda alikuwa na babu mwengine tusomjua."

Haitham akamgeukia kwa heshima zote. "Bi Hamdiya, watu wakarimu wengi hujificha nyuma ya ubahili, ili wasije wakasifiwa."

Bi Hamdiya akamtazama kwa muda, kisu kikiwa kimesimama kwenye chungwa. Halafu akatabasamu, akampa kipande. "Kula, mwanangu. Umetoka mbali na maneno mazito."

Pale pale akaingia jirani yao, Mzee Jaribu, mkulima, ambaye wazee wake walilitumikia shamba lile lile zama hizo. Habari ilimfika, kwa kuwa Mgogoni habari huwahi kufika kabla ya mwenyewe kumaliza kuisema. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hizo karafuu alozitoa Sheikh Maher, alozichuma nani?"

Mzee Thuwein akatazama mkeka. Mtu mwengine angekwama hapo. Haitham alipiga paja lake kwa furaha.

"Alhamdulillahi! Ndilo suali nililokuwa nikilingoja! Babu yako jina lake nani, mzee?"

"Khatib."

"Khatib! Ndiye! Mmoja alitoa karafuu, mwengine alitoa jasho. Mfuko huu, wazee wangu, una waasisi wawili, na kila nilipotaja mmoja nilihisi kuna pengo."

Mzee Jaribu akavuta pumzi, akakaa vizuri, akaomba kahawa. Kuanzia hapo mambo yakawa mepesi mno. Jioni ile mke wa Mzee Jaribu alikumbusha kwamba wachumaji walikuwa wakila, na chakula hakijipiki. Bibi yake akaingia katika uasisi. Mvuvi mmoja wa Kojani aliyekuja kuuza samaki akauliza kitoweo kilitoka wapi, naye babu yake akapata nafasi. Kufika Ijumaa, Mfuko wa Hisani ulikuwa na waasisi wengi kuliko wanafunzi wa chuo chenyewe, na historia yake ilikuwa imerefuka ikapita ya mataifa kadhaa yanayopeperusha bendera.

Haitham aliridhika. Mtu akishapewa babu mkarimu, huona haya kuwa mchoyo. Ikaitishwa hadhara kwenye uwanja wa madrasa baada ya sala ya alasiri, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Shehe Bakar, imamu wa msikiti, katikati. Haitham alizungumza kuhusu kazi za mfuko kwa ufasaha ambao makamu mkuu angeuonea wivu: mabweni, vitabu, binti wa maskini anayefukuzwa mlangoni kwa kukosa ada. Alipofika kwa huyo binti sauti ikamkatika, maana aliifundisha kukatika hapo.

"Kwa hiyo, ndugu zangu," alimalizia, "yeyote mwenye chochote, taslimu au kwa simu, milango iko wazi."

Shehe Bakar akajikohoza. "Allah akulipe, Mkurugenzi. Ila hilo la taslimu, huku kwetu hatulifanyi. Pesa huliwa ikesha. Mzee anotaka jina lake lidumu haweki pesa. Huweka wakfu."

"Naam," wakaitikia wazee.

"Huweka kitu ambacho chenyewe hubaki, na pato lake ndilo hutolewa. Mti hubaki, karafuu huenda kwa wanafunzi. Hivino ndivyo tulivyowakuta wazee wetu."

Haitham alitabasamu huku moyo ukimshuka. Alikuja na mkoba. Mti hauingii mkobani. Lakini akili yake haikuwa ya kulala. Mwaka ule mikarafuu ilikuwa imeshika mpaka matawi yanainama. Anayesimamia miti ndiye atakayechuma, na anayechuma ndiye atakayeuza. Ilikuwa ni suala la nani atawekwa kuwa msimamizi.

Bi Hamdiya alikuwa kama aliyemsoma. Walipopumzika kwa kahawa alimwita pembeni, chini ya ukuta wa madrasa.

"Mwanangu, nakuona umenyong'onyea. Watu hawa wana miti, na kutoa watatoa. Tatizo, hakuna anopenda kuanza. Hapa kwetu anoanza ndiye anofuatwa. Akisema hivi, na wote husema hivi."

"Nani aanze, bibi? Mzee Thuwein?"

"Thuwein akianza, Jaribu atasema anajitanguliza. Jaribu akianza, Thuwein atakwenda kulala na homa. Aanze mgeni. Si una nyumba Tibirinzi weye? Ya marehemu Mwatima. Nilimjua mama yako, Allah amrehemu."

Haitham akakohoa.

"Iweke nyumba, nao watakuona mkweli," aliendelea Bi Hamdiya kwa sauti ya chini. "Lakini usijisimamie mwenyewe, watasema umejipa kwa mkono wa pili. Msimamishe mtu wa hapa. Ukiwaamini na chako, watakuamini na chao."

Haitham akalipima lile neno. Nyumba ya kusemwa tu! Hakuna mwanasheria, hakuna muhuri, hakuna saini. Maneno matupu mbele ya watu wa shamba, na maneno ndiyo mtaji wake, huyatoa kila siku na kila siku hurudi nayo nyumbani yote. Msimu ukiisha, karafuu zishauzwa, paa lishapigwa, nani atakuja Tibirinzi kumdai sentensi?

Akarudi katikati ya uwanja, akainua mkono.

"Ndugu zangu, siwezi kuwaomba nisichokitoa. Nyumba yangu ya Tibirinzi nimeiweka wakfu!"

"Sema vizuri, mwanangu," alisema Shehe Bakar kwa upole. "Nyumba ipi, kwa ajili ya nani, na msimamizi nani."

"Nyumba yangu ya Tibirinzi, niliyorithi kwa mama yangu Mwatima, nimeiweka wakfu kwa ajili ya wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Jazira, wasiokuwa na pa kulala." Hapo alijisikia raha mwenyewe. "Na msimamizi wake ni Bi Hamdiya."

Takbiri ilipaa mpaka kunguru wakaruka juu ya paa la madrasa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Mzee Thuwein alisimama akiwa ametota machozi.

"Miye Thuwein, shamba langu la bondeni nimeliweka wakfu kwa wanafunzi hao." Haitham aliinamisha kichwa kwa adabu, tayari kulipokea. "Na kama alivyosema mwanzilishi wetu, msimamizi ni Bi Hamdiya."

Kichwa cha Haitham kikainuka.

"Miye Jaribu, mikarafuu yangu ya nyuma ya nyumba, yote. Msimamizi kama alivyosema mwanzilishi, Bi Hamdiya."

"Mnazi wangu wa kisimani. Bi Hamdiya."

"Mzinga wangu wa nyuki. Bi Hamdiya."

"Jamani, ndugu zangu," Haitham alijaribu, "mnaweza pia kumchagua..."

"Tunakufuata weye!" wakamjibu kwa mapenzi makubwa. "Tunakufuata!"

Walimfuata mpaka magharibi ikaingia. Mwisho wa yote Bi Hamdiya alikuwa msimamizi wa kila kilichoshika udongo kuanzia barabarani mpaka mtoni, na Haitham alikuwa amekumbatiwa na kila mwanamme wa Mgogoni.

Asubuhi alifika kwa Bi Hamdiya akiwa hajala. Shehe Bakar alikuwa ameshatangulia, anakunywa chai.

"Bi Hamdiya, lile jambo la jana," alianza Haitham akicheka kidogo. "Lilikuwa la kuwatia watu hamasa. Nadhani tumeelewana."

"Tumeelewana sana."

"Maana sikuwa nimekusudia hasa."

Shehe Bakar akaweka kikombe. "Mwanangu, ungesema kwa mafumbo tungekuuliza ulikusudia nini. Ulisema neno la wazi. Neno la wazi haliulizwi nia. Nami nilikwambia ulirudie, ukalirudia, mbele ya umma mzima. Nyumba ile si yako, wala si yetu. Ni ya Mwenyezi Mungu, na wanafunzi ndio watakaokaa."

"Hakuna hata karatasi!"

"Mama yako aliolewa bila karatasi," alisema Bi Hamdiya. "Ukamwona mtu kumwambia hakuolewa?"

Haitham akaona limebaki lango moja tu, nalo ni chungu, lakini nyumba ni nyumba. "Basi nisikilizeni. Mfuko wenyewe haupo. Mimi si mkurugenzi wa chochote. Chuo hakinijui. Nilikula biriani yao tu. Kwa hiyo yote ya jana yamebatilika."

Alitegemea kishindo. Shehe Bakar akamega mkate. Bi Hamdiya akaenda akamletea kikombe, akammiminia chai.

"Tulijua," alisema. "Siku ile ile ulokuja nilipiga simu chuoni. Karani wao nilimsomesha miye. Akanambia makamu mkuu hakumtuma mtu."

"Mlijua? Na mkaniacha niseme?"

"Ulikuwa unasema vizuri, mwanangu. Nikae nikukatishe?" Akakaa mbele yake, na utani ukamtoka usoni. "Nisikize. Mjukuu wangu Widad alifaulu kuliko wavulana wote wa hapa. Akaenda chuo. Chuo kiko Chake Chake, na huko hana pa kulala. Kila siku kwenda na kurudi, akifika vipindi vishaanza. Wasichana wa Msuka vivyo hivyo, wa Kojani ndio usiseme. Alirudi mwaka wa kwanza haujesha. Sasa yuko pale nyuma anakamua nazi, na kila nikimsikia anakamua, roho yangu inauma. Nimeomba nyumba kwa wakubwa mpaka nimechoka. Halafu siku moja anakuja mtu barazani kwangu, ana nyumba Tibirinzi, mafundi wake wasema vyumba tayari, maji yamo, ananambia yeye ni mfuko wa hisani. Miye ningemfukuza?"

"Lakini ilikuwa uongo!"

"Uongo upi? Chuo kipo. Wanafunzi wapo. Nyumba ipo, na miti ndiyo hiyo unaiona. Cha uongo kilikuwa weye peke yako, na weye hatukukuweka wakfu. Unaweza kwenda."

Haitham akatazama chai yake. Aliwaza kwenda kituo cha polisi, akajiona akieleza kwamba ametapeliwa alipokuwa akitapeli. Akainywa chai, maana ilikuwa imetiwa tangawizi na hakuwa na kitu kingine tumboni.

Chuo kilifurahi kupita kiasi. Karafuu za msimu ule ndizo zilizopiga paa la ghorofa ya juu, na makamu mkuu alikuja kufungua bweni kwa hotuba ndefu. Alieleza historia ya Mfuko wa Hisani tangu zama za Sheikh Maher na mafuta ya taa, kama alivyosimuliwa na Mzee Thuwein, akasema kwamba wataalamu wanaendelea kuitafiti. Jina la mwanzilishi likasomwa mara tatu. Picha yake ikatundikwa ukumbini pamoja na ya mama yake.

Haitham hakualikwa, kwa sababu hakuna aliyejua anuani yake. Alikuja mwenyewe baada ya siku nyingi, akasimama nje. Paa lilikuwa zuri, la rangi ya kijani, kama alivyolitaka. Kwenye baraza ya mama yake walikaa wasichana na vitabu vyao, wanabishana juu ya hesabu za udongo na mbolea. Mmoja akaja getini. Alikuwa Widad, mjukuu wa Bi Hamdiya.

"Wamtaka nani, kaka?"

"Nataka kuangalia ndani kidogo tu. Mimi ndiye niliyeitoa nyumba hii."

"Ahsante sana, Allah akuzidishie," alisema Widad kwa adabu. "Lakini hii dakhalia, bweni la wanawake. Wanaume hawaingii. Ndivyo alivyoshurutisha mwanzilishi."

Akalifunga geti taratibu. Haitham alibaki amelishika lile geti. Alimkumbuka mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe akalia pale njiani bila kutazama nani anamwona. Halafu akajifuta na ncha ya kanzu, akaenda Mkoani kupanda boti.

Kwenye benchi la abiria alikaa na bwana mmoja mnene, mfanyabiashara, mwenye begi zuri la ngozi. Mkono wa Haitham ukaanza kunyooka wenyewe kusalimia.

"Unatokea wapi, bwana?" aliuliza yule bwana.

"Tibirinzi," alisema Haitham. "Nilikuwa na nyumba pale. Nimeiweka wakfu kwa Chuo Kikuu cha Jazira. Wasichana wanakaa humo, wanasoma. Mimi ndiye mwanzilishi wa Mfuko wa Hisani."

Yalikuwa maneno ya kweli, yote, la kwanza mpaka la mwisho. Yule bwana akamwangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akalichukua begi lake, akalihamishia upande wa pili.